Sababu za Kusomea Uchumi: Maswali Yanayoanzia Sagalla

Matokeo ya KCSE yanapotangazwa, wazazi na wanafunzi wengi huuliza swali moja: ni kozi gani itakayoleta kazi? Somo la uchumi mara nyingi hupitwa, kwa kudhaniwa kuwa ni la watu wa benki na ofisi za Nairobi. Lakini maswali yake yapo hapa nyumbani.

Mfano mzuri ni Sagalla ya Chini, karibu na Voi. Ndovu hutoka Tsavo na wanaweza kumaliza shamba la mahindi kwa usiku mmoja. Baadhi ya wakulima, wakishirikiana na shirika la Save the Elephants, wamezungushia mashamba yao ua wa mizinga ya nyuki. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka na ndovu hurudi nyuma. Mkulima huokoa mazao na kupata asali ya kuuza.

Je, ua huo unalipa? Mwanauchumi hujumlisha gharama ya mizinga, waya na matengenezo, kisha hulinganisha na thamani ya mazao yaliyookolewa na asali iliyovunwa. Huhesabu pia miaka ya ukame, nyuki wanapohama. Mwisho huuliza: je, pesa hizo zingefaa zaidi mahali pengine? Faida inayoachwa kwa kuchagua jambo moja badala ya lingine huitwa gharama ya fursa, nayo ni msingi wa somo hili.

Sababu ya pili ni rasilimali za kaunti. Takriban asilimia 62 ya ardhi ya Taita Taveta imo ndani ya hifadhi za Tsavo. Maji ya chemchemi za Mzima husafirishwa kwa bomba hadi Mombasa. Vito vingi huuzwa kabla ya kukatwa na kung'arishwa. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii. Kaunti inahitaji vijana wanaoweza kukokotoa mgao huo na kuutetea kwa hesabu.

Sababu ya tatu ni bajeti. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe katika masuala ya fedha za umma. Katika baraza la bajeti, aliyesoma uchumi anaweza kuwasaidia majirani kuuliza kama kisima kipya kimetengewa pia pesa za matengenezo.

Kuhusu kazi, wahitimu huajiriwa katika idara za mipango, takwimu, kodi, benki, vyama vya akiba na mikopo, na utafiti.

Hata hivyo, uchumi wa chuo kikuu hutumia hisabati na takwimu kwa wingi. Anayetaka kuusomea aimarishe Hisabati mapema, na ahakiki masharti ya kila chuo kwenye tovuti ya KUCCPS kabla ya kuchagua. Shahada peke yake pia haitoi hakikisho la kazi.

Njia rahisi ya kujipima ni kwenda soko la Voi kila wiki kwa miezi miwili na kuandika bei ya nyanya. Atakayejikuta akitafuta kwa nini bei imepanda au kushuka, huenda amepata somo lake.