SOMO: MSONGAMANO WA SIMU KWENYE SETILAITI – NANI ATANGULIE?



Katika ziara yetu ya Ibaba, wilayani Ileje, mzee mmoja wa kanisa alituuliza: “Tunasikia simu hizi hizi za mkononi zitaongea na setilaiti. Je, mama mjamzito akizidiwa usiku, bado tutapanda kilimani kutafuta mtandao?” Swali hilo ndilo somo letu la robo hii.

Habari hiyo ina msingi. Desemba 2025 kampuni ya Airtel Africa ilitangaza makubaliano na SpaceX ya kuunganisha simu za kawaida na setilaiti za Starlink katika nchi 14, kwa kutegemea vibali vya kila nchi. Hata hivyo, kufikiwa na mtandao ni jambo moja, na kupata nafasi ndani yake ni jambo jingine.

Eneo kubwa, mlango mwembamba

Mnara wa simu huhudumia vijiji vichache vinavyouzunguka. Mwali mmoja wa setilaiti hufunika eneo la makumi ya kilomita. Faida yake ni kwamba hata bonde lililojificha hufikiwa. Hasara yake ni kwamba wote walio chini ya mwali huo hugawana nafasi ndogo ile ile. Wakipiga kwa pamoja, maombi yao hugongana na wengi hawasikiki.

Majirani zetu wa Kenya wameonja jambo hili. Novemba 2024 Starlink iliacha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu nafasi ilijaa, ikafungua tena mwaka 2025. Wateja hao walitumia madishi, siyo simu za mkononi, lakini funzo ni moja.

Mlango unavyolindwa

Mitandao ya simu ina njia kadhaa za kuzuia msongamano:

1. Makundi. Kila laini ya kawaida imo katika kundi moja kati ya 0 na 9. Foleni ikizidi, mtandao unaweza kuzuia baadhi ya makundi kwa muda, kisha mengine, ili mzigo ugawanyike. Makundi ya 11 hadi 15 ni ya watumishi maalumu, kama wa huduma za dharura. Simu za kwenye namba ya dharura nazo zina ruhusa yake.

2. Kusubiri. Simu iliyokosa nafasi hungoja muda unaopatikana kama kwa kura, kisha hujaribu tena. Wazo hili lilitumika Hawaii tangu 1971 katika mtandao wa redio ulioitwa ALOHAnet.

3. Ujumbe mfupi kwanza. Maandishi huchukua nafasi ndogo kuliko sauti.

Mtandao usichokijua

Mkunga anayempigia dereva wa gari hutumia laini ya kawaida. Kwa mtandao, simu yake ni sawa na ya kijana anayesalimia rafiki. Utaratibu huo hatuwezi kuwaachia mafundi. Ni wetu sisi.

Katika Kutoka 18, Musa alihukumu watu tangu asubuhi hadi jioni, nao wakachoka kungoja. Yethro, mkwewe, alimshauri aweke viongozi wa maelfu, mamia, hamsini na makumi, ili mambo mazito tu yamfikie. Nguvu za Musa zilibaki zile zile, ila njia ya kumfikia ilipangwa.

Tunashauri kila mtaa uchague watu wawili wa kutoa taarifa za dharura, na wengine waache kupiga wakati huo. Ujumbe uandaliwe mapema: mahali, tatizo, msaada unaotakiwa. Wafadhili wanaotaka kununua vifaa waulize pia ni wangapi watagawana nafasi, siyo bei tu. Na mpaka huduma hiyo ifike na kujaribiwa, njia ya kilimani isisahauliwe.

Maswali ya kujadili

1. Katika mtaa wetu, nani atangulie kusikika usiku wa dharura?
2. Tuko tayari kunyamaza ili mwenzetu asikike?