Tunapojaribu Milango ya Mtandao, PIN Yako Haihitajiki

Je, umewahi kupigiwa simu na mtu anayesema, "Tunafanya majaribio ya usalama wa mfumo, tafadhali thibitisha PIN yako"? Kata simu hiyo. Majaribio ya usalama yapo kweli, lakini hayafanywi hivyo. Hebu tukuonyeshe.

Chukulia kompyuta iliyo kwenye intaneti kuwa jengo lenye milango ya namba, kuanzia 1 hadi 65,535. Kila huduma ina mlango wake wa kawaida. Tovuti zenye https hutumia mlango 443. Telnet, njia ya zamani ya kuendesha kifaa ukiwa mbali, hutumia 23.

Hatua ya 1: Kubisha. Mjaribu anabisha kila mlango aone upi unaitika. Lazima awe na idhini ya mwenye mfumo. Kuingia mfumo wa mtu bila idhini ni kosa chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mtandao.

Hatua ya 2: Kufunga. Mlango ulio wazi una kazi gani? Kama hauna, unafungwa.

Hatua ya 3: Kusikiliza. Telnet hupitisha nywila jinsi ilivyo, na anayechungulia njiani anaisoma. SSH, kwenye mlango 22, huifumba isisomeke.

Hatua ya 4: Kujaribu nywila za kiwandani. Mwaka 2016, programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi duniani kupitia Telnet, kwa kujaribu nywila za kiwandani kama 60 hivi. Wenyewe hawakuwa wamezibadilisha.

Umeona? Hakuna hatua hata moja inayohitaji PIN ya mteja.

Upande wako, fanya haya:

- Una Wi-Fi dukani? Badilisha nywila ya ruta iliyotoka nayo kiwandani, na uzime huduma ya kuiendesha kutoka mbali kama huitumii.
- Ukiona https, jua njia imefungwa. Haimaanishi mwenye tovuti ni mwaminifu. Hata tapeli anaweza kuwa nayo.
- Kama ulishataja PIN, usione haya. Ibadilishe sasa hivi, kisha utupigie kupitia namba rasmi ya huduma kwa wateja.

Sisi tutaendelea kubisha milango yetu. PIN, baki nayo.