Kinanda cha Bei Ndogo, Sauti ya Maana: Muuze Bila Kumdanganya Mteja

Somo la leo ni la wanaouza vinanda na vifaa vya muziki WhatsApp na Instagram. Lakini hata kama unauza viatu, soma mpaka mwisho, kuna kitu chako.

Kuna siku niliposti video ya kinanda nilichokichukua Kariakoo. Ili kivutie, nilikiunganisha na laptopu, nikarekodi sauti ya piano kutoka kwenye programu. Sikuandika popote kwamba mlio ule ni wa laptopu. Kijana mmoja mpiga kinanda wa kwaya, anakaa Kigamboni, akalipia siku ileile.

Kesho yake asubuhi simu inaita: yupo Feri, ameshuka kwenye pantoni, kinanda begani. "Dada, hiki siyo kile nilichokisikia." Hela yenyewe ilikuwa mchango wa wanakwaya, na mimi nilikuwa nimeshaizungusha kwenye mzigo mwingine. Sikuwa na cha kumrudishia.

Nilimwambia ukweli palepale, nikamwomba radhi. Halafu nikamuuliza: "Kaka, kanisani mna kompyuta?" Akasema ipo, ya kuonyeshea maneno ya nyimbo. Hiyo ndiyo iliyotuokoa wote wawili. Nilimnunulia waya, nikamfundisha kufunga programu za bure, akapanda pantoni na kinanda kilekile. Haya ndiyo niliyomfundisha.

1. JUA UNACHOUZA
Kinanda kina vitu viwili: vitufe vya kugonga na stoo ya sauti ndani. Kwenye vinanda vya bei ndogo, stoo ndiyo inayobanwa. Noti chache zinarekodiwa, halafu rekodi moja inavutwa ili ijaze vitufe vya jirani. Piano halisi ukiigonga taratibu inatoa mlio laini, ukiigonga kwa nguvu mlio wenyewe unabadilika, siyo kuongezeka sauti tu. Hapo ndipo kinanda cha bei ndogo kinapoumbuka.

Sasa, tangu 1983 vyombo vya muziki vina lugha moja ya kuongea vyenyewe kwa vyenyewe, inaitwa MIDI. Lugha hii haibebi sauti. Inabeba taarifa: kitufe gani kimegongwa, kwa nguvu kiasi gani kati ya 1 na 127, na kimeachiwa lini. Sauti inatengenezwa na kompyuta. Yaani kinanda kinabaki kuwa vidole, kompyuta inakuwa koo.

2. KAGUA KABLA HUJACHUKUA MZIGO
- Angalia nyuma kama kuna tundu limeandikwa USB TO HOST. Mara nyingi ni lile la mraba, na waya wake ni uleule wa printa. Usikubali kuuziwa kwa bei ya "waya maalumu".
- Gonga kitufe kimoja taratibu, kisha kwa nguvu. Kama hakuna tofauti, tafuta kwenye mipangilio, huenda imezimwa. Kama hakina kabisa, hata kompyuta haitakisaidia sana.
- Hakikisha kuna tundu la pedali. Piano bila pedali inakatakata.
- Vitufe 61 vinatosha kwa kwaya nyingi. Anayejifunza piano yenyewe mwambie mapema kwamba piano kamili ina 88.

3. SAUTI ZA BURE
- Salamander Grand Piano: ni piano ya Yamaha C5 iliyorekodiwa na Alexander Holm kwa viwango 16 vya nguvu ya kugonga. Faili ni kubwa, usiipakue kwa bando la kuunga unga.
- sforzando ya Plogue: programu ya bure inayoweza kufungua sauti kama hiyo.
- Dexed: inaiga Yamaha DX7 ya 1983, wenye milio ya piano ya umeme iliyotawala nyimbo za miaka ya 80.
- Surge XT: kwa milio ya kisasa, hata kwa vijana wa studio.

4. MLIO UKICHELEWA
Mteja akigonga na sauti ikaja baadaye, siyo ubovu wa kinanda. Kompyuta inakusanya sauti kidogo kidogo kwenye akiba kabla ya kuitoa. Akiba ikiwa 1024, kwa kasi ya kawaida ya 44,100 kwa sekunde, hiyo peke yake ni kama milisekunde 23. Ukishusha mpaka 256 inabaki kama 6. Kwenye Windows weka ASIO4ALL, ni ya bure, ushushie hapo. Ikianza kukwaruza, panda kidogo.

Kukiwa na muungurumo kwenye spika, chomoa chaja ya laptopu usikilize. Ukikata, tatizo ni umeme wa chaja, wala usibadilishe spika.

5. SASA BIASHARA YENYEWE
Tuseme umenunua kinanda kwa 250,000 ukauza 300,000. Faida ni 50,000. Kikirudi, umepoteza faida, nauli, siku nzima, na jina. Kwa hiyo:
- Posti video mbili: moja mlio wa kinanda chenyewe, nyingine mlio wa kompyuta. Andika wazi ipi ni ipi.
- Rekodi kwa waya. Maiki ya simu inaharibu sauti nzuri na kuficha mbaya.
- Usiuze programu za wizi kwenye flashi. Za bure zipo. Wewe toza kazi yako: kufunga, kupima na kumwelekeza mteja.
- Muulize mteja kabla hajalipia: una kompyuta? Kama hana, mpe bei ya vyote viwili ili apime mwenyewe.

Yule kijana amenirudia mara mbili, safari hii akiwa na wateja wapya. Hawakuja kwa sababu ya video nzuri. Walikuja kwa sababu siku ile Feri sikuzima simu.

Mtumie mwenzako anayeuza vifaa vya muziki. Kazi njema.