Mvua, Udongo na Mpira wa Miguu

Timu ya shule mjini Mwanza iliyozoea pasi fupi na mbio za pembeni huweza kutamba mwezi Julai, kisha Aprili ikafungwa na timu iliyo dhaifu kuliko yenyewe. Watazamaji huilaumu bahati, na pengine mwamuzi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya jambo hilo yaweza kuelezwa kwa fizikia ya shule ya sekondari.

Mvua ya milimita 1 humwaga lita 1 ya maji katika kila mita ya mraba. Uwanja wenye urefu wa mita 100 na upana wa mita 64 una eneo la mita za mraba 6,400. Basi mvua ya milimita 10, ambayo si ya ajabu wakati wa masika kando ya Ziwa Viktoria, huleta lita 64,000, yaani madebe 3,200 yenye lita 20 kila moja.

Maji hayo yatakwenda wapi? Hapo ndipo udongo unapoamua. Wakulima wa Kisukuma wameutofautisha udongo wao tangu zamani. Luseni ni udongo wa kichanga uliotokana na kumeguka kwa matale, yale mawe makubwa yanayoupa mji wa Mwanza sura yake. Mbuga ni udongo mweusi wa mfinyanzi, nao hupatikana mabondeni. Mfuatano wa namna hii, kutoka kilimani hadi bondeni, ulichunguzwa katika Afrika Mashariki na Geoffrey Milne miaka ya 1930, akauita katena. Jina hilo sasa hutumika duniani kote. Luseni hupitisha maji upesi, hivyo uwanja uliolowa alfajiri huweza kuchezewa alasiri. Mbuga huvimba ikilowa, nafasi zake huziba, na maji hutuama juu.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko wachezaji wengi wanavyodhani, kwa kuwa maji kidogo na maji mengi huuathiri mpira kwa njia zinazopingana. Utando mwembamba wa maji juu ya nyasi hupunguza msuguano: mpira huteleza, hudunda chini, na humfikia mlinda mlango mapema kuliko alivyotazamia. Katika dimbwi, mpira hulazimika kuyasukuma maji yaliyo mbele yake, nishati yake ikaisha mara moja. Pasi ya chini huishia njiani, lakini mpira wa juu hulivuka dimbwi.

Mchezaji naye hupungukiwa. Anapopinda kwa ghafla, msuguano wa viatu na ardhi ndio unaompa kani ya kumvuta kuelekea kati ya duara. Msuguano ukipungua nusu, kasi kubwa kabisa awezayo kupindia katika duara lilelile hushuka hadi kiasi cha asilimia 71. Anayetegemea chenga za kasi hupoteza silaha yake kuu.

Tarehe 3 Julai 1974, katika Kombe la Dunia, Poland ilikutana na Ujerumani Magharibi mjini Frankfurt baada ya mvua kubwa, na wazima moto walihitajika kuyaondoa maji uwanjani. Poland, yenye mawinga wa kasi, ilihitaji ushindi. Wajerumani ilikuwa yawatosha sare. Gerd Müller alifunga bao la pekee. Maji yalikuwa yaleyale kwa wote, lakini hayakuwagharimu sawa.

Mwalimu aweza kulijaribu jambo hili kwa ubao wa mita 2 ulioegemezwa juu ya kiti. Mpira uachiwe kutoka alama moja, uviringike juu ya nyasi kavu, kisha nyasi zilizonyunyiziwa maji, kisha penye maji yaliyotuama. Kila hali irudiwe mara tano, umbali upimwe, na wastani ukokotolewe. Jaribio lingoje mvua ikatike: ngurumo zikisikika, wote waondoke uwanjani, maana eneo la ziwa hili lina radi nyingi. Shule iliyo na kiwanja cha luseni na kingine cha mbuga ipime vyote viwili saa tatu baada ya mvua kukatika.