Kaktasi Yako Huenda Si Ile Iliyoandikwa

Kwa miaka minne nilimwagilia "Mammillaria". Ndivyo kijiti cha plastiki kilichochomekwa kwenye chungu kilivyosema, nami sikuwa na sababu ya kubishana na kijiti. Jioni moja mrija mrefu wenye manyoya uliokuwa umechomoza ubavuni ulifunguka, likatoka ua la waridi pana kama kiganja. Kesho yake jioni lilikuwa limelegea kama kitambaa kilicholowa. Mammillaria haichanui hivyo.

Sidhani muuzaji alikusudia kunidanganya. Mteja huchomoa kijiti asome bei, kisha hukirudisha kwenye chungu cha jirani. Basi, kijiti ni fununu tu, usomwe mmea.

Anza na swali ambalo wengi huliruka: je, ni kaktasi kweli? Tafuta mahali miiba inapotokea. Kwenye kaktasi, miiba huota kutoka kidoa chenye manyoya mafupi kama pamba, ambacho wataalamu hukiita areoli. Maua na matawi nayo hutoka hapohapo au karibu napo. Euphorbia, jamaa za minyaa tunayopanda kuwa ua wa nyumba, hazina kidoa hicho, na nyingi hutoa miiba miwili miwili. Euphorbia trigona, ile ndefu ya pembe tatu yenye majani madogo kwenye kingo, huuzwa kila mahali kwa jina la kaktasi.

Usiukate mmea ili kupima utomvu. Maziwa ya euphorbia huwasha ngozi, na yakiingia jichoni ni hatari: osha kwa maji mengi na uende hospitali. Isitoshe, kipimo chenyewe hukosea, kwa kuwa baadhi ya Mammillaria nazo hutoa maziwa meupe. Na ukiambiwa kaktasi fulani yenye miiba mikali ni ya asili ya misitu yetu, kuwa na shaka. Kaktasi ni mimea ya Amerika. Inayopatikana Afrika kiasili ni moja tu, Rhipsalis baccifera, nayo huning'inia mitini kama kamba nyembamba.

Ukishajua ni kaktasi, tazama umbo la mwili. Jina Mammillaria linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya chuchu, na mmea wenyewe umejaa chuchu zilizopangika kwa mizunguko. Wangu ulikuwa na matuta yaliyonyooka toka juu hadi chini, kama ya viazi shambani. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu tangu siku ya kwanza.

Kisha hesabu miiba. Chagua areoli tatu au nne za katikati ya mmea, si za kileleni ambako miiba bado michanga. Andika mingapi imezunguka pembeni, mingapi imesimama katikati, na kama ipo iliyopinda ncha kama ndoana. Piga picha na rula ikiwa kando. Lakini mmea uliokaa kwenye kona yenye giza hurefuka na kukonda, miiba yake ikawa haba. Huo usiuhukumu mpaka uzoee mwanga, tena kwa kuusogeza polepole usije ukaungua.

Ushahidi mzito zaidi ni ua. Mammillaria hutoa maua madogo kati ya chuchu, mara nyingi yakiwa yamezunguka karibu na kilele kama taji. Mrija mrefu wenye manyoya, unaotoka ubavuni na kufunguka jioni, hunipeleka kwa Echinopsis. Ua gumu kama karatasi lisilonyauka miezi mitatu hunipeleka kwa gundi. Wapo wanaobandika maua makavu ili bei ipande. Na ile tufe nyekundu iliyokaa juu ya shina la kijani ni mimea miwili iliyounganishwa, kwa hiyo jina moja haliitoshi.

Usikimbilie jina kamili. Echinopsis zimechanganywa sana na wakuzaji, na picha moja ya intaneti haitoshi kutaja spishi. Kijiti changu kipya nimekiandika kwa penseli, maana wino hufifia juani: "Echinopsis, spishi haijulikani", na tarehe ya ua. Kile cha zamani nimekifukia kwenye chungu hichohicho, kwa kuwa nyuma yake kuna tarehe niliyoununua mmea, na hiyo ni ya kweli.