Dawa za Sonona na Kumbukumbu: Zinapokutana Mwilini

Tuchukue mfano wa mchonga vinyago wa Mwenge, Dar es Salaam, mwenye umri wa miaka 65. Alipatwa na sonona, na daktari akamwandikia amitriptilini. Baada ya majuma kadhaa usingizi ulirudi na moyo ukachangamka. Kisha akashikwa na mafua, akanunua Piriton dukani bila kumweleza muuzaji kuwa anatumia dawa nyingine. Siku mbili baadaye hakukumbuka bei aliyopatana na mteja asubuhi, wala mahali alipoiweka patasi yake. Nyumbani wakasema uzee umemwingia. Je, ni uzee kweli?

Yatupasa kwanza kujua jinsi kumbukumbu inavyoundwa. Seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali. Mojawapo ni asetilikolini, iliyo muhimu katika kujifunza na kukumbuka mambo mapya. Amitriptilini hutibu sonona kwa kuongeza nguvu za kemikali nyingine, yaani serotonini na noradrenalini. Lakini papo hapo huziba vipokezi vya asetilikolini. Ndiyo sababu mtumiaji hukaukwa na mdomo na kufunga choo. Klorofeniramini iliyomo katika Piriton nayo huziba vipokezi hivyo hivyo. Zikikutana, athari ya moja huongezwa juu ya nyingine, na ubongo wa mzee hauhimili jambo hilo kama wa kijana.

Njia ya pili ya mwingiliano hupitia ini, ambako vimeng'enya huzivunjavunja dawa ili mwili uzitoe. Kimeng'enya kiitwacho CYP2D6 ni mojawapo ya vile vinavyoshughulikia amitriptilini. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa miongoni mwa Watanzania weusi waliochunguzwa, uwezo wa kimeng'enya hiki ulikuwa umepungua. Hivyo kipimo kimoja cha dawa huenda kikamfaa mtu mmoja na kikamzidi jirani yake. Fluoksetini, ambayo nayo ni dawa ya sonona, hukizuia kimeng'enya hicho, na amitriptilini ikalundikana katika damu. Lumefantrini, iliyomo katika dawa mseto ya malaria, nayo yaweza kukizuia. Tena ikitumiwa pamoja na amitriptilini yaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kwa hiyo mgonjwa wa malaria anayetumia dawa ya sonona hana budi kumwarifu tabibu kabla ya kumeza mseto.

Tusiisahau diazepamu, inayodhoofisha uundaji wa kumbukumbu mpya. Ikichanganywa na pombe, mtu aweza kusahau yote aliyotenda usiku, na hata pumzi yake yaweza kufifia.

Hata hivyo, haifai kuikimbia tiba. Sonona yenyewe hupunguza umakini na kumbukumbu, na wengi hukumbuka vizuri zaidi wanapopona. Anayeiacha dawa ghafla aweza kupata kichefuchefu na kukosa usingizi, na ugonjwa waweza kumrudia.

Basi, mchonga vinyago wetu asihukumiwe kuwa mzee aliyepotewa na akili. Na aandike kwenye karatasi dawa zote anazotumia, pamoja na za dukani na za mitishamba, kisha ampelekee daktari au mfamasia. Usahaulifu ulioanza mara baada ya dawa mpya mara nyingi huondoka dawa hiyo ikiondolewa au kipimo kikirekebishwa. Lakini akianza kuchanganyikiwa, kuzirai au kwenda mapigo ya moyo mbio, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.