Kuni Kavu, Moshi Mwembamba: Vidokezo 7 kwa Wenye Jiko la Moshi la Umeme

Jiko la moshi la umeme lina raha yake: unachomeka, unapanga joto, unaendelea na shughuli. Ila umeme huleta joto tu. Ladha ya sato au kuku wako inatoka kwenye kuni, na kazi yake huanza siku nyingi kabla ya kubanika.

1. Anza na miti ya matunda. Mpera, mchungwa na mlimau hutoa moshi laini unaopatana na samaki na kuku. Kwa nyama ya ng'ombe jaribu mathenge, ndugu wa mesquite inayopendwa na wachoma nyama wa Texas. Moshi wake ni mkali, kwa hiyo tia kidogo.

2. Kuni usizozijua, ziache. Msonobari una utomvu unaoleta masizi na uchungu. Masalia ya seremala yanaweza kuwa na rangi, gundi au dawa ya mchwa. Zenye ukungu, tupa.

3. Pasua kwanza, kausha baadaye. Gogo zima hukawia kukauka, maana gome huzuia maji kutoka. Lipasue, libandue gome, kisha panga vipande chini ya paa penye upepo. Pima kipande kimoja kwenye mizani ya jikoni kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, kiko tayari. Ukigonganisha vipande viwili vikavu, vinalia "ko!" Vibichi hutoa sauti nzito iliyozibwa.

4. Kata kwa saizi moja. Unene wa kidole gumba unatosha. Vumbi la msumeno huwaka likaisha upesi, na pande kubwa huchelewa kushika.

5. Usiloweke. Wengi huloweka wakitaka moshi udumu. Lakini kuni hazifuki vizuri mpaka maji yachemke na kuisha. Lile wingu jeupe la mwanzo ni mvuke, na mvuke hauna ladha.

6. Tia kidogo kidogo. Konzi moja kwenye trei, nyingine moshi ukififia. Koili hujizima joto likifika ulipopanga, na kuni nazo hupoa; kwa hiyo usishtuke moshi ukipungua kidogo. Jiko likishapata moto na moshi kutulia, ndipo uingize kitoweo kikiwa bado cha baridi na chenye unyevunyevu, kwa kuwa hapo ndipo hushika moshi vizuri.

7. Tazama rangi ya moshi. Mwembamba, wenye usamawati kwa mbali, ndio unaoutaka. Ukiwa mzito na mweupe, fungua tundu la hewa na upunguze kuni. Na jiko likae nje siku zote, kwa sababu moshi una hewa ya sumu isiyo na harufu.

Leo ukikata tawi la mpera, lipasue kabla halijalala. Wiki kadhaa kutoka sasa, sato wako atakushukuru mezani.